Gorogoro ya Muthokoi na Hesabu ya Kuni

Gorogoro moja ya muthokoi na nusu gorogoro ya mbaazi kavu hushibisha watu 6 jioni ya leo na jioni ya kesho. Gorogoro ni lile kopo la takriban kilo 2 linalopimiwa nafaka masokoni kote nchini, kwa hiyo hapa tunazungumzia kilo 2 za mahindi yaliyokobolewa na kilo 1 ya mbaazi. Zikichemshwa hunywa maji, na zikiiva huwa zimefika karibu kilo 7. Gawa sahani 12, na kila sahani itapata zaidi ya nusu kilo ya chakula chenye takriban gramu 30 za protini. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kiasi anachohitaji mtu mzima wa kilo 60 kwa siku nzima. Humo hamna nyama wala mayai, wala hamna kilichotoka dukani ila chumvi, kitunguu na mafuta kidogo.

Hesabu hii inafaa kufanyiwa Ndithini. Wadi hii ya eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, imo katika nchi kavu ya Ukambani, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka: masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Wakulima wa huku huitumainia zaidi vuli. Mahindi, mbaazi, kunde na ndengu ni mazao ambayo mtoto wa huku huyajua kabla hajajua kuandika jina lake. Hata hivyo, jua likishatua, nyumba nyingi utazikuta zinasonga ugali wa unga wa pakiti, na kando yake sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta ya kupima. Wapo hata wanaouza mbaazi zao zote wiki ya mavuno, kisha fedha ile ile ikarudi dukani kununua unga.

Sababu yake naielewa, na sioni haki ya kumlaumu mtu. Ugali huiva kwa nusu saa. Muthokoi na mbaazi zinataka saa mbili na nusu, pengine tatu. Mama aliyetoka shambani saa kumi na mbili jioni, watoto wamesharudi kutoka shuleni na njaa, hawezi kuanza kuchemsha mbaazi kavu saa hiyo. Na kama makaa yake ananunua kwa kopo, anajua kwamba moto wa saa tatu unaweza kumgharimu kuliko nafaka yenyewe. Kwa hiyo anachagua kinachoiva upesi, na kinachoiva upesi ndicho kinachohitaji kununuliwa kila siku.

Nadhani hapo ndipo fedha za chakula cha nyumbani zinapovujia: kwenye moto, na kwenye ununuzi wa vipimo vidogo vya kila jioni. Bei ya nafaka haimo mikononi mwa familia. Moto na kipimo vimo mikononi mwake kwa kiasi kikubwa.

Bei ya unga sote tunaikumbuka. Mwaka 2017 serikali ililazimika kuingiza ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 90. Julai 2022, pakiti hiyo ilipofika shilingi 205, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ishuke hadi shilingi 100, na nafuu yenyewe ilidumu majuma machache tu. Familia iliyozoea pakiti kila jioni ilipigwa mara zote mbili. Wazee wa Ukambani wanayo kumbukumbu kali zaidi, ya Nikw'a Ngwete, njaa ya 1984, ambapo hata mwenye fedha mfukoni alizunguka asipate cha kununua. Anayekumbuka mwaka ule hahitaji kuelezwa kwa nini debe la mbaazi huwekwa uvunguni mwa kitanda.

Sasa tuingie jikoni.

Muthokoi huanza na mahindi makavu. Kwa njia ya zamani, mahindi hunyunyiziwa maji kidogo, yakaachwa dakika chache ngozi ilegee, kisha yakatwangwa kwenye kinu cha mti. Hapo ndipo ufundi wa susu, yaani bibi, unapoonekana. Mchi unashuka kwa uzito wake wenyewe, hausukumwi, kwa sababu nia ni kuibandua ngozi bila kuivunja punje. Anayetwanga kwa hasira hupata chenga badala ya muthokoi. Kila baada ya muda susu anachota konzi moja, anaipuliza, anaangalia kama lile doa la ngozi kwenye ncha ya punje limetoka. Likitoka, mahindi hupepetwa kwa ungo, pumba zikaenda kwa kuku, na punje nyeupe zikaanikwa juani mpaka zikauke tena. Siku hizi mashine za kukoboa hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na pumba bado ni zako ukizidai. Zidai. Ni chakula cha kuku ulichokwisha kukilipia.

Mahindi yasiyokobolewa yakipikwa na maharagwe au kunde huitwa isyo, ambayo Wakenya wengine wanaiita githeri. Isyo ni tamu na ina faida ya kutopoteza kitu, ila ngozi yake ngumu huongeza muda wa kupika, na meno ya wazee husumbuka nayo. Muthokoi ni laini, huiva mapema kuliko isyo ya mahindi makavu, na hufyonza mchuzi vizuri. Nyumba yenye mzee na mtoto mdogo chini ya paa moja itatosheka zaidi na muthokoi.

Kazi ya kupunguza moto huanza jana yake. Chagua mbaazi au maharagwe juu ya sinia, toa vijiwe na punje zilizotobolewa, osha, kisha loweka usiku kucha katika maji mengi. Punje iliyolala majini imeshakunywa sehemu kubwa ya maji ambayo moto ungelazimika kuisukumia ndani. Asubuhi mwaga maji hayo na uweke mapya. Ndani ya maji yale ya kwanza mna sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi, na wale wanaosema maharagwe huwafurisha tumbo mara nyingi hawajawahi kuyala yaliyolowekwa. Muthokoi nayo iloweke, chombo chake peke yake. Ndengu na kunde ndogo hazihitaji kulowekwa. Ndengu huiva kwa chini ya saa moja, na ndiyo maana ninazihesabu kuwa chakula cha siku ambayo mpango umeharibika.

Wengi hutia magadi ili nafaka ngumu ilainike upesi. Inalainika kweli, lakini magadi huharibu vitamini B1, na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Maharagwe yanayokataa kuiva hata baada ya kulowekwa mara nyingi ni ya zamani, yaliyokaa ghalani katika joto na unyevu. Dawa yake ni kununua kwa muuzaji ambaye nafaka yake inatoka haraka, na kumuuliza bila aibu, "Mwaitu, hizi ni za msimu gani?" Mwaitu, yaani mama, mwenye soko atakuambia ukweli, maana anataka urudi. Na ukishapimiwa, omba uongezewe konzi. Ni desturi ya soko, na nafaka ya mwezi mzima ina konzi nyingi za kuongezwa.

Moto wenyewe unataka maamuzi machache yanayofanywa kila siku. Sufuria iwe na kifuniko kinachokaa sawasawa. Kuni ziwe zimepasuliwa nyembamba na kukaushwa, kwa sababu gogo lenye unyevu hutumia joto lake lenyewe kukausha maji yaliyomo na kinachobaki ni moshi. Chakula kikishachemka, punguza kuni. Maji yanayochemka kwa fujo hayana joto kupita yanayochemka polepole, yanaisha tu haraka na kukulazimisha uongeze mengine. Mafiga matatu ya mawe yanapikia vizuri, ila upepo huiba sehemu kubwa ya joto pembeni. Jiko la udongo la kujengea huuzunguka moto na kuuelekeza chini ya sufuria. Kwa wanaotumia makaa, jiko lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea Afrika Mashariki nzima, huokoa kati ya theluthi na nusu ya makaa likilinganishwa na lile la bati tupu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko punguzo lolote la bei ya unga lililowahi kudumu, na hairudishwi na tangazo la serikali.

Kipo chombo kingine ambacho natamani kila nyumba ya Ndithini iwe nacho, na bei yake ni karibu bure: kikapu cha kuhifadhi joto. Chukua kikapu kipana chenye kina. Tandika ndani blanketi kuukuu au matambara makavu, unene wa kiganja pande zote na chini, ukiacha shimo la ukubwa wa sufuria yako katikati. Shona mto wa kufunikia juu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yachemshe motoni nusu saa nzima, yakiwa yanabubujika, kisha, bila kufunua, ingiza sufuria kikapuni, funika kwa mto, kandamiza. Iache saa nne au tano. Joto lililomo halina pa kutokea, basi linaendelea kupika. Ukitoka shambani unairudisha motoni ichemke tena kwa dakika chache na kula. Saa mbili za kuni zimebaki uani.

Sharti la kikapu halina mjadala: ile nusu saa ya kwanza isifupishwe. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko mkali wa angalau dakika 10. Yakipashwa moto wa wastani tu bila kuchemka, sumu hiyo hubaki na humtapisha mtu kwa saa kadhaa. Kwa hiyo maharagwe mabichi hayaingii kikapuni kamwe.

Swali linalofuata ni la kuhifadhi, kwa sababu Ndithini ni joto na friji ni za wachache. Nafaka ya siku mbili huchemshwa tupu, bila chumvi, kitunguu wala nyanya. Sehemu ya leo hutolewa na kukaangwa. Iliyobaki hupoozwa upesi mahali penye hewa, ikafunikwa, ikachemshwa tena mpaka ibubujike asubuhi na jioni. Mwisho wake ni jioni ya pili. Ikitoa harufu ya uchachu kabla ya hapo, au ikiwa na utelezi, mpe nguruwe. Wali usiuhifadhi hivyo hata kidogo, kwani wali uliolala nje hutoa sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi. Mpishi anayepika cha siku mbili badala ya kila siku ameshapunguza moto wake karibu nusu, na hajagusa kitu kingine.

Jioni ya kwanza ikaange. Vijiko 2 vya mafuta vinatosha sufuria ya watu 6, ikiwa kitunguu kitaachwa kiive pole pole mpaka kigeuke rangi ya dhahabu. Watu wengi huongeza mafuta kufidia kitunguu kilichoharakishwa. Tia nyanya na chumvi, funika, ziache zivunjike mpaka mafuta yaonekane pembeni, ndipo umimine muthokoi na mbaazi pamoja na maji yake ya kuchemshia kidogo. Dania iingie mwisho kabisa, moto umeshazimwa. Jioni ya pili usirudie vile vile, kwa kuwa watoto huchoka na chakula kabla ya kukikinai kwa tumbo. Ponda sehemu yake pamoja na boga au viazi na majani ya maboga yaliyokatwa, iwe laini ya kufinyangika. Au pika kunde za majani kando na ule muthokoi mkavu kama ungekula wali. Pwani, Mombasa na Lamu, mbaazi hizi hizi huchemshwa kwa tui la nazi na kuliwa asubuhi na mahamri, na Mkamba aliyekaa Mombasa akirudi nyumbani hukumbuka jambo hilo kwa hamu. Nazi ikipatikana Matuu kwa bei ya kuvumilika, hakuna anayekukataza.

Matuu ndilo soko la mboga la karibu lenye msimu mrefu, na sababu yake ni maji. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, huleta maji ya Mto Thika katika mashamba ambayo yangekuwa makavu miezi mingi. Nyanya, vitunguu na sukuma wiki hutoka huko. Lakini mboga bora ya Ndithini, kwa maoni yangu, haihitaji mfereji. Kunde huota na mvua, na majani yake machanga huanza kuchumwa majuma matatu au manne baada ya kupandwa, wakati mahindi hayajafika magotini. Yana madini ya chuma, kalisi na vitamini A kwa wingi. Msimu ukiwa umefurika, yachemshe kidogo, yachuje, yaanike kivulini mpaka yavunjike mkononi, kisha yafungie kwenye chombo kikavu. Agosti, ukame ukiwa umekausha kila kitu, konzi mbili za majani hayo zikilowekwa hurudi kuwa mboga ya jioni. Jua kali huua vitamini nyingi, kwa hiyo kivuli ni muhimu kuliko haraka.

Hapa kuna jambo ambalo halina gharama yoyote na linapuuzwa karibu kila meza. Madini ya chuma yaliyo katika kunde, mbaazi na maharagwe ni magumu kufyonzwa na mwili. Chai huyazuia zaidi. Vitamini C huyasaidia. Kwa hiyo chai ya maziwa inayoteremshwa pamoja na muthokoi inamnyima mama mjamzito na msichana wa shule sehemu ya chuma waliyoila. Isogezeni saa moja baada ya chakula, na mahali pake pawe na limau lililokamuliwa juu ya mboga, nyanya mbichi, kipande cha papai, au embe. Machakos ni kaunti ya maembe, na kuanzia Desemba hadi Machi huanguka na kuoza chini ya miti kwa sababu wanunuzi wote wamekuja wakati mmoja na bei imeanguka. Embe lisilouzika ni tunda la chakula cha jioni. Yaliyozidi yakikatwa vipande vyembamba na kukaushwa kwa wavu chini ya kivuli hufika msimu wa ukame.

Kwa nini nasisitiza mahindi yasiende peke yake? Historia ya ulimwengu ina jibu baya. Mahindi yalipotoka Amerika na kuwa chakula cha maskini kaskazini mwa Italia, na baadaye katika majimbo ya kusini mwa Marekani, yalifuatana na ugonjwa wa pelagra: ngozi kupasuka, kuhara, kuchanganyikiwa, kisha kifo. Daktari wa serikali ya Marekani, Joseph Goldberger, kuanzia 1914 alionyesha kwamba chanzo hakikuwa vijidudu, kilikuwa sahani yenyewe, iliyojaa unga wa mahindi na karibu bila kitu kingine chochote. Watu wa Meksiko waliokula mahindi kwa maelfu ya miaka hawakuugua hivyo, kwa sababu waliyachemsha kwa maji ya chokaa na kuyala na maharagwe. Wakamba, bila kukutana na Wameksiko, waliyaweka mahindi na jamii ya kunde katika chungu kimoja. Tena protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, na mbaazi ina lisini tele. Kinachopungua huku kinapatikana kule. Muthokoi, ambayo imepoteza ngozi yake na sehemu ya kiini wakati wa kukobolewa, inamhitaji mwenzake hata zaidi. Ndiyo maana napinga desturi inayoenea ya kupunguza mbaazi kwenye sufuria ili kuokoa fedha. Theluthi moja ya nafaka kavu iwe ya jamii ya kunde. Ikibidi kupunguza, punguza zote mbili kwa pamoja na uongeze majani.

Unga nao tusiutupe. Ugali utaendelea kuliwa, kama inavyostahili. Mwenye mahindi yake ayapeleke kwenye mashine ya kusaga ya kijijini bila kuyakoboa. Unga huo hubaki na kiini na pumba, na gharama yake ni ya kusaga tu. Husagwa kidogo kidogo kwa sababu mafuta ya kiini huufanya uchache mapema. Unga wa pakiti, kwa upande wake, tangu 2012 unatakiwa na sheria ya Kenya kuongezwa madini ya chuma, zinki na vitamini A. Anayenunua pakiti ahakikishe ina alama ya kuongezwa virutubishi, maana hicho ndicho anacholipia.

Lakini kabla ya kusaga, kukoboa au kuchemsha, mahindi yawe makavu. Hapa Ukambani tumelipa bei ambayo haipaswi kusahaulika. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haina harufu, na kupika hakuiondoi. Utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba kukoboa mahindi kuwa muthokoi huipunguza karibu nusu kwa wastani, jambo la kutia moyo kuhusu ufundi wa susu, ila nusu iliyobaki bado inaweza kuua. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu zitolewe kabla ya kazi yoyote, na zisipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kupima ukavu hakuhitaji kifaa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, acha itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji na yarudi juani, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka chini yote, yako tayari kuhifadhiwa. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huua fukusi na dumuzi bila dawa, na hufaa kwa kunde na ndengu sawasawa na mahindi. Mfuko mmoja hutumika misimu kadhaa usipotobolewa.

Watoto wadogo wanahitaji neno la peke yao, kwa sababu huku kuna mtindo wa unga wa uji unaochanganya kila kitu: wimbi, mahindi, soya, maharagwe, njugu, omena. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba maharagwe mabichi yaliyosagwa hayawezi kuiva kwa uji wa dakika 10, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja hulipia. Uji wa wimbi au mtama peke yake, ukitiwa maziwa ukishaiva, unamtosha. Protini nyingine aipate kwenye sahani: ndengu zilizopikwa mpaka zikalainika, zikapondwa kwa kijiko pamoja na boga na tone la mafuta. Yai la kuku wa nyumbani mara chache kwa wiki lina thamani kubwa kwa mtoto huyo kuliko fedha litakazoleta sokoni. Na samaki wa Bwawa la Masinga, lililokamilika kwenye Mto Tana mwaka 1981, wakifika sokoni wakiwa wabichi, mmoja mdogo akichemshwa na mifupa kuondolewa vizuri anamfaa mtoto wa miezi minane.

Ununuzi ubadilike mahali pamoja tu kwa kuanzia: mafuta, chumvi na nafaka zisinunuliwe za jioni. Mafuta ya kupima, ukijumlisha vipimo vya mwezi, huzidi bei ya chupa ya lita. Majirani watatu wanaweza kuchangia chupa kubwa na kugawana siku hiyo hiyo, jinsi akina mama wa vyama wanavyochangia sufuria na viti. Nafaka inunuliwe wiki za mavuno. Ndengu huwa rahisi Januari na Februari, mbaazi kavu Agosti na Septemba. Aliye na shamba, hata robo ekari, asiuze zote siku hizo. Atenge kwanza za kula: kwa familia ya watu 6 inayopika sufuria ile ya siku mbili mara mbili kwa wiki, hiyo ni kilo 2 za mbaazi kwa wiki, zaidi kidogo ya kilo 100 kwa mwaka, gunia moja na ziada. Yanayobaki ndiyo ya soko.

Na kilichomo ndani ya gunia hilo huamuliwa Oktoba. Mahindi ya kukomaa mapema, kama yale yaliyotolewa na kituo cha utafiti cha Katumani miaka ya 1960 na warithi wake, hupandwa mara mvua ya vuli inapogusa ardhi. Kati ya mistari yake hupandwa mbaazi. Kunde huenda pembeni, na ndengu katika kipande chake. Kunde hutoa majani Novemba, ndengu huvunwa Januari, mahindi Februari. Mbaazi hubaki shambani zikipitia masika nzima, zikaanza kuchumwa mbichi Juni au Julai. Mbichi hizo huiva kwa nusu saa bila kulowekwa.